Jina la Mtu si Sahani ya Kuazimana

Desemba iliyopita nilipanda tena barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 za kona zinazomfanya abiria mgeni ashike kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nilikuwa nakwenda kumsalimia dada yangu na kupumzika baada ya muhula mrefu wa kusahihisha mitihani. Sikupumzika. Jioni ya siku ya kwanza, chai haijapoa, mpwa wangu aliingia na kompyuta mpakato kwapani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Habari za shamba?"

"Shamba zuri. Tatizo ni soko."

Wanaoifahamu Lushoto hawahitaji maelezo mengi. Kabichi, karoti, viazi, hoho na nyanya za milima hii hupikwa Tanga na Dar es Salaam, na msimu ukifika, plamu na peasi huuzwa kwenye ndoo kando ya barabara pale Soni. Lakini aliyeyalima mazao hayo hana sauti katika bei. Dalali huja na gunia lililoongezwa kilemba juu, ile lumbesa tunayoilalamikia miaka yote, akalipa kama gunia moja kile ambacho mizani ingekisoma kuwa zaidi. Mpwa wangu na wenzake saba wamechoka. Wameunda kikundi, nao wanataka kuwauzia walaji moja kwa moja: kaya, migahawa midogo na nyumba za wageni kutoka Tanga hadi Dar es Salaam.

Njia waliyoichagua ni orodha ya barua pepe. Kila wiki wangetuma barua moja kueleza kilichoiva, bei yake na siku ambayo gari litashuka. Kundi la WhatsApp walishalijaribu likafa kwa salamu za asubuhi na picha za maua. Walichokitaka kwangu kilikuwa msaada wa kutengeneza ukurasa wa kujiandikisha, yaani ukurasa mmoja wa intaneti usio na mambo mengi, wenye ahadi moja na mahali pa mtu kuandika jina na anwani yake ikiwa ahadi hiyo imempendeza.

"Ila ukurasa ni wa baadaye," akasema, akifungua jedwali la Excel. "Kwa kuanzia, majina tunayo tayari."

Yalikuwa majina 612. Kila mstari ulikuwa na jina, namba ya simu, anwani ya barua pepe, utaifa na tarehe ya kuwasili. Sikuhitaji kuuliza sana. Rafiki yake mmoja alikuwa amefanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni, na daftari la wageni la miaka mitatu lilikuwa limehamia, mstari kwa mstari, kwenye kompyuta ile.

"Na wewe, mjomba, una watu wa semina zako. Si utupatie na hao?"

Nilinyamaza. Dada yangu alidhani natafakari kama msomi. Ukweli ni kwamba niliona aibu, kwa sababu kijana yule alikuwa akinitaka nirudie jambo ambalo nilishalifanya.

*

Mwaka 2014 nilikuwa mtafiti wa shahada ya uzamivu katika vijiji vya upande wa Mlalo. Nilikuwa na daftari jeusi ambalo kila niliyemhoji aliandikwa jina lake, kijiji chake na namba ya simu, akatia sahihi. Kabla ya sahihi niliwasomea maneno yale ambayo kila mtafiti anayafahamu: taarifa zako zitatumika kwa utafiti huu pekee. Niliyasoma kwa Kiswahili safi na kwa sauti ya heshima, nami niliyaamini.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Rafiki niliyesoma naye alikuwa akimsaidia mgombea mmoja, akaniuliza kama nina namba za watu wa kule. Nilimtumia orodha yote. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika mbili. Sikulipwa chochote, na kwa muda mrefu nililitumia jambo hilo kama utetezi mbele ya nafsi yangu: sikuuza, nilimsaidia rafiki tu.

Baada ya wiki chache watu wale walianza kupokea ujumbe wa kampeni, kila mmoja akitajwa kwa majina yake matatu. Mmoja wao alikuwa mzee aliyenipa chumba kwa miezi miwili. Alikuwa mweka hazina wa kamati ya maji, akiaminiwa na pande zote kwa sababu hakuwa wa upande wowote. Jirani aliyeshika simu yake ili amsomee ujumbe aliona chama kinamwita mzee kwa majina yote matatu, akatoka na habari kwamba mzee amejiandikisha kwa siri. Kijiji kikagawanyika. Mzee akaacha uweka hazina kabla hajaombwa kuuacha.

Nilipokwenda kumsalimia hakunigombeza. Alinipa kiti, akatoa simu, akanionyesha ujumbe ule. Jina lake la kati lilikuwa limekosewa herufi moja.

"Mwanangu," akasema, "jina hili lililokosewa halimo kwenye kadi yangu ya kura, wala halimo kwa mtendaji. Limo mahali pamoja tu, nami nilikuona unaliandika."

Sikuwa na la kusema. Kisha akatamka maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: "Sahani za harusi huazimwa. Lakini mwenyewe huombwa, na zikishaoshwa hurudishwa. Wewe hukuniomba, na jina langu halirudi."

Ndugu msomaji, nimeyaeleza haya kwa kirefu ili usije ukadhani kwamba ninamfundisha mpwa wangu kutoka mahali pa juu. Nina shahada tatu, na hakuna hata moja iliyonizuia.

*

Milima ya Usambara inajua mengi kuhusu orodha. Wajerumani walipoitawala sehemu hii, mji wa Lushoto waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao. Walowezi walihitaji vibarua, na Washambaa, wenye mashamba yao na migomba yao, hawakuwa na sababu ya kuyaacha kwenda kulima ya mgeni. Kuanzia mwaka 1907 serikali ya kikoloni ikaleta kadi ya kazi. Mwanamume aliandikwa, akapewa kadi, na kadi ikamdai siku 30 za kazi kwa Mzungu katika kila kipindi cha miezi minne. Asiyeweza kuonyesha kadi iliyojazwa alikabiliwa na kazi za kulazimishwa.

Tazama ufundi wa jambo hilo. Kadi ile ilikuwa na jina la mtu, na siku zake zilihesabiwa na kulipwa. Karani aliyezijaza angeweza kusema kwamba kila kitu kimeandikwa kwa utaratibu. Kitu kimoja tu hakikuwemo, nacho ni neno la mwenye jina.

Waingereza walikuja na nia iliyoonekana njema zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kuanzia Mlalo, walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa milima kwa matuta. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, na yeyote aliyeona mto wa milimani ukigeuka rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua hawezi kubisha. Lakini matuta yaliletwa kwa amri. Kaya zilihesabiwa, mashamba yakakaguliwa, na waliokaidi wakapelekwa barazani na kuadhibiwa. Mzigo mkubwa wa jembe uliwaangukia wanawake. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameonyesha jinsi wakulima wenyewe walivyojadili na kupinga mpango huo kwa hoja zilizotoka katika fikra zao za kale kuhusu kuiponya nchi na kuiharibu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango uliachwa.

Katika miaka hiyohiyo ilipanda milima kadi nyingine. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwanachama wake alikuwa mtu aliyekwenda mwenyewe, akatoa ada kutoka mfukoni mwake, akaomba aandikwe. Kadi hiyo pia ilikuwa na jina na namba. Kwa macho ya karani zilifanana: karatasi, wino, mstari katika daftari. Lakini ile ya 1907 watu waliikimbia, na hii wengine waliificha chini ya godoro wasije wakanyang'anywa. Wahenga walishasema kwamba hiari yashinda utumwa, nasi mara nyingi huichukua methali hiyo kama pambo la hotuba. Mimi naiona kama maelezo ya tofauti kati ya orodha mbili.

Tunaweza kurudi nyuma zaidi. Masimulizi ya Wakilindi, ambayo Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyakusanya katika Habari za Wakilindi, yanamtaja Mbegha, mwindaji mgeni aliyefika Usambara akiwa na mbwa wake. Hakufika na daftari. Alikuja na nyama, akawagawia watu, nao wakampa vyakula vya shambani, na baada ya kumjua ndipo walipomtaka awe mtawala wao. Iwe historia au hekaya, masimulizi hayo yanabeba fundisho la kisiasa ambalo mfanyabiashara wa leo analisoma kama somo la masoko: toa kwanza kitu chenye manufaa, kisha ngoja uitwe.

*

Msomaji anaweza kusema kwamba ninakuza jambo. Barua pepe ya kabichi si kadi ya kazi. Ni kweli, na sitaki kuyalinganisha maumivu. Ninacholinganisha ni tabia ya kuandika majina ya watu, tabia ambayo imetuzoea kiasi kwamba hatuioni.

Fikiria semina yoyote uliyohudhuria mwaka huu. Kabla ya chai ilipita karatasi ya mahudhurio: jina, taasisi, namba ya simu, barua pepe, sahihi. Uliandika kwa sababu aliyekutangulia ameandika, na kwa sababu bila sahihi hakuna nauli. Karatasi hiyo ilikwenda wapi? Wangapi waliinakili? Nawauliza wanaharakati na watumishi wa umma kwa sababu sisi ndio tunaoipitisha. Mwenye semina huithibitisha kwa mfadhili kwamba watu walikuwepo, na hapo kazi yake halali inakoma. Lakini haikomi. Inakuwa orodha ya mialiko ya mradi mwingine, kisha inaombwa na rafiki, na rafiki ana mgombea.

Halafu tunashangaa. Tulisajili laini zetu kwa alama za vidole, tukapanga foleni hadi Januari 2020, na bado simu inalia usiku: "Ile hela itume kwenye namba hii." Tunamlaani tapeli, naye anastahili. Lakini namba hiyo ilipita mikono mingapi ya watu waungwana kabla ya kumfikia? Sina shaka kwamba baadhi yao walikuwa na shahada.

Ugonjwa huu hauna utaifa. Barua ya kwanza ya matangazo isiyoombwa ilitumwa Marekani tarehe 3 Mei 1978, pale Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC alipowaandikia watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET. Anwani hizo zilitoka kwenye kitabu cha orodha ya watumiaji wa mtandao huo, kitabu kilichochapwa ili wafahamiane. Hakikuchapwa ili wauziwe kompyuta. Jina lilitolewa kwa kusudi moja likatumika kwa lingine, na huo ndio mfupa wa kadhia yote.

Sheria yetu imeliona jambo hilo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ikazinduliwa na Rais tarehe 3 Aprili 2024. Kiini chake kinaeleweka bila wakili: taarifa ikusanywe kwa kusudi lililotajwa, isitumike kinyume cha kusudi hilo, na mwenye taarifa ana haki ya kukataa isitumike kumtangazia biashara. Majirani zetu wa Kenya, ambao sheria yao ni ya mwaka 2019, wameonyesha kwamba haya si maneno ya kabatini. Septemba 2023 kamishna wao aliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kampuni ya mikopo ya simu ilitozwa 2,975,000 kwa kuwasumbua watu kwa kutumia namba zilizopatikana kwa wengine, na ukumbi wa starehe 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja.

Hata hivyo sitaki mpwa wangu awe mwaminifu kwa kuogopa faini. Mtu anayeogopa faini huacha siku anapojua kwamba hakuna anayemtazama.

*

Nilimsimulia habari za mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Pole, mjomba. Lakini wewe una mshahara. Sisi tuna mkopo wa mbegu."

Hoja hiyo ni nzito, na wahubiri wengi wa maadili huipita pembeni. Hata hivyo, hata kwa hesabu ya mkopo wa mbegu, orodha ile ya 612 ilikuwa mbovu. Mgeni aliyelala Lushoto usiku mmoja mwaka juzi na kurudi kwao Ulaya hatanunua karoti. Aliyeko Dar es Salaam atakapoona barua asiyoiomba, ataibonyeza kuwa ni taka. Kampuni zinazopokea barua huhesabu malalamiko hayo. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zimewataka watumaji wakubwa waweke njia rahisi ya kujitoa na wasiruhusu malalamiko yafike 0.3 kwa mia, na hata mtumaji mdogo akilalamikiwa sana, barua zake huanza kutupwa kwenye taka, zikiwemo zile zilizoombwa. Kwa maneno ya shambani, mbegu mbovu haikomei kutoota, huharibu na kitalu.

Tukakaa siku tatu kutengeneza ukurasa. Naueleza hapa kwa sababu maswali tuliyobishania yanamhusu yeyote anayekusanya majina, awe anauza hoho au anatetea haki za binadamu.

Swali la kwanza lilikuwa ahadi. Rasimu yake ilisema: "Jiunge na familia yetu upate habari na ofa kabambe." Nilimwuliza barua zitakuja mara ngapi na zitasema nini. Tukaandika: "Kila Jumatano utapata barua moja: mazao yaliyoiva Lushoto wiki hii, bei kwa kilo, na siku ya kuyapokea." Neno "kwa kilo" lilikuwa lake, nami nililipenda, kwa kuwa anayekataa lumbesa shambani hana budi kuikataa na kwenye karatasi.

La pili lilikuwa kipimo cha udadisi. Alitaka umri, kazi, ukubwa wa familia na namba ya simu. Kila kimoja nilimwuliza utakifanyia nini Jumatano ijayo. Vilibaki vitatu: jina, anwani ya barua pepe, na mji, kwa sababu gari lina njia yake. Vingine vilikuwa lumbesa ya taarifa.

La tatu lilikuwa kisanduku cha kukubali. Programu aliyoitumia ilikuja nacho kikiwa kimeshawekwa alama ya ndiyo, ili asiyetazama apite nacho. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua tarehe 1 Oktoba 2019 kwamba kisanduku kilichojazwa kabla si ridhaa. Nami naona hata bila mahakama hiyo bibi yeyote wa Lushoto angeamua vivyo hivyo, maana huwezi kubisha hodi ukajiitikia mwenyewe karibu. Tukakiacha kitupu.

La nne ni uthibitisho. Mtu akishaandika anwani, hutumiwa barua moja fupi inayomwuliza kama kweli ni yeye, na asipobonyeza kiungo kilichomo, haandikwi. Mpwa wangu alilalamika kwamba hatua hiyo ingepoteza watu. Nilimkumbusha mzee: laiti ningalikuwa na hatua moja ya kumwuliza kabla ya kutuma jina lake, uweka hazina wake ungalibaki. Hatua hii humkinga pia yule ambaye anwani yake imeandikwa na mtu mwingine kwa mzaha au kwa chuki.

La tano ni mlango wa kutokea. Kila barua ina mstari unaosema jinsi ya kujitoa, kwa maandishi yenye ukubwa uleule wa maandishi ya bei, na anayetoka haulizwi kwa nini. Orodha isiyo na mlango wa kutokea ni kadi ya 1907 iliyopakwa rangi.

Mwisho tukatafuta nyama ya Mbegha. Vijana waliandaa kalenda ya ukurasa mmoja inayoonyesha zao gani huiva mwezi gani kwenye milima yetu, pamoja na namna ya kutunza mboga siku tano bila jokofu. Hupewa anayejiandikisha, na akijitoa kesho yake, kalenda ni yake.

Lakini wageni 612 je? Hapo mpwa wangu alinizidi akili. Alikwenda kwa mwenye nyumba ya wageni, akamweleza yote, likiwemo lile la jedwali, jambo ambalo lilihitaji moyo. Kisha akaomba ruhusa ya kuweka kikaratasi kwenye meza ya mapokezi chenye anwani ya ukurasa. Mgeni anayetaka ajiandikishe, asiyetaka apite. Jedwali alilifuta mbele yangu, kisha akalifuta na kwenye simu, mahali ambapo mimi nisingalifikiria kutazama.

*

Sitamalizia kwa kusema kwamba uaminifu uliwatajirisha. Katika miezi miwili watu 61 walijiandikisha, na 43 kati yao wakathibitisha. Wanane kati ya hao 43 waliagiza kutokana na barua ya kwanza. Wengine wawili walijitoa. Mkopo wa mbegu bado unadai, dalali bado anakuja, na wiki zenye mvua gari hukwama. Haba na haba hujaza kibaba, ila tusisahau kwamba anayesubiri kibaba kijae naye hupata njaa. Vikundi kama hiki vinahitaji vipimo vya haki sokoni na barabara zinazopitika, na hiyo ni kazi ya serikali ambayo orodha yoyote ya barua pepe haiwezi kuifanya.

Nilichokiona tofauti ni kitu kidogo. Wiki moja barua ilichelewa hadi Alhamisi, na watu watatu wakaandika kuuliza kulikoni. Katika maisha yangu yote ya karatasi za mahudhurio, hakuna aliyewahi kuniandikia kuuliza kwa nini sijamtumia kitu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi wangu, kwa wanaharakati na kwa watumishi wa umma wanaonisoma. Karatasi ya mahudhurio itakapopita wiki ijayo, iwe na mstari juu unaosema itatumika kwa nini na itatunzwa na nani. Anayetaka kupata taarifa baadaye awe na mahali pake pa kuweka alama, na asiyetaka apate nauli yake vilevile. Kazi ikiisha, iharibiwe. Na rafiki atakapokuomba "namba za watu wa kule", mjibu kwamba si zako.

Mzee nilimwomba radhi mwaka ule ule, akaipokea. Uweka hazina haukurudi, na hakuna barua ya msamaha iliyoweza kuwapitia majirani wote nyumba kwa nyumba.

Nilipokuwa nashuka kurudi kazini, nilimwuliza mpwa wangu mbona barua ya Jumatano ile haikunifikia, nami nilijiandikisha siku ya kwanza kabisa, tena mbele yake. Alifungua simu, akatazama.

"Uliandika anwani, mjomba. Hukuthibitisha."

"Si ungenithibitisha wewe? Unanijua."

"Hapana, mjomba," akasema. "Bonyeza mwenyewe."